Daraja lililofungwa siku ya tatu

SEHEMU YA 1

Leo siandiki habari za chanjo wala uji wa lishe. Naandika historia ya daraja, na naomba usinikimbie, maana humo ndani kuna mtoto anayejifunza kutembea, na kuna jambo ambalo limenikera miaka yote ya unesi wangu.

Nilikwenda London kumsaidia mdogo wangu kulea, wakati anarudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Asubuhi moja nikamweka mtoto kwenye kigari chake, tukaenda mtoni kupiga picha. Mtoto mwenyewe ana mwaka mmoja na miezi miwili, ndiyo kwanza ameacha kusimama dede na kuanza kutembea. Si unajua ule mwendo? Miguu imepanuliwa kama baharia, mikono juu, tumbo mbele. Uweke akilini mwendo huo, tutauhitaji.

Daraja lenyewe linaitwa Millennium Bridge. Linavuka mto Thames, na ni la waenda kwa miguu peke yao. Gari haliingii, pikipiki haiingii. Upande wa kaskazini liko kanisa kuu la St Paul's, lenye kuba lile kubwa alilolisanifu Christopher Wren. Upande wa kusini ipo Tate Modern, jumba la sanaa ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme, na bomba lake la moshi bado limesimama. Katikati yao ndipo lilipotandikwa hilo daraja, jembamba, upana wa mita 4 tu, la rangi ya fedha.

Kinachokushangaza ukilitazama kwa mbali ni jinsi lilivyo bapa. Madaraja mengi ya kuning'inia yana nguzo ndefu na nyaya zinazopanda juu kama hema. Hili nyaya zake, nne kila upande, zimelazwa ubavuni, hazikuzibii macho. Kwenye nafasi ya katikati, yenye mita 144 kutoka nguzo hadi nguzo, nyaya hizo zimelegea mita 2 na kidogo tu. Wabunifu walitaka ukisimama juu yake uone mto, kuba na anga, basi. Usiku linawashwa taa, na wao wenyewe walilifikiria kama ubapa wa nuru juu ya maji. Nakuambia ukweli, ni zuri. Nilipiga picha zaidi ya hamsini kabla mtoto hajaanza kudai uji wake.

SEHEMU YA 2

Sasa historia. Mwaka 1996 yalitangazwa mashindano ya kubuni daraja jipya hapo. Walioshinda ni kampuni ya wahandisi ya Arup, ofisi ya msanifu majengo Norman Foster, na mchongaji wa sanamu Anthony Caro. Katikati ya London hakukuwa na daraja lililojengwa mahali papya tangu Tower Bridge ya mwaka 1894. Kwa hiyo lilikuwa jambo kubwa. Malkia Elizabeth alikuja kulizindua Mei 2000, kabla hata halijakamilika.

Siku ya watu wote ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Juni 2000. Watu walikuja kwa matembezi ya hisani ya Save the Children, yaani kuchangia watoto. Jamani, fikiria umati. Siku hiyo walivuka kati ya watu 80,000 na 100,000, na kuna wakati walikuwa karibu 2,000 juu ya daraja kwa mara moja. Wazee, vijana, mama na vigari vya watoto, baba wamebeba watoto mabegani.

Daraja likaanza kuyumba.

Halikuruka juu na chini. Liliyumba ubavuni, kushoto, kulia, kushoto, kulia, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Kwenye nafasi ya katikati lilikuwa likienda karibu sentimita 7. Utasema sentimita 7 ni kitu gani? Basi simama kwenye daladala lisilo na mahali pa kushika, liyumbe sentimita 7 kila sekunde bila kukoma, huku umebeba mtoto. Kwenye picha za video za siku ile unaona watu wameshika kingo, wengine wamesimama kabisa, na waliobaki wanatembea kwa mwendo wa ajabu: wamepanua miguu, wanapepesuka kidogo, wote pamoja, kama wamefundishwa. Hakuna aliyewafundisha.

Wakajaribu kupunguza watu wanaoingia. Ikawa foleni ndefu pande zote mbili. Jumatatu, tarehe 12, wakalifunga. Siku ya tatu! Magazeti yakafurahi mno, na watu wa London wakalipa jina la utani, Daraja la Kuyumba, na hadi leo wengine wanaliita hivyo ingawa haliyumbi tena.

SEHEMU YA 3

Neno la kwanza la watu likawa: ni mambo ya wanajeshi hayo, yanajulikana zamani.

Na kweli yanajulikana. Mwaka 1831, huko Broughton karibu na Manchester, askari 74 walikuwa wanarudi kambini kupitia daraja la kuning'inia. Walianza kusikia daraja linaitika hatua zao. Unajua walifanya nini? Walifurahia! Walianza kupiga mluzi wa kwata na kukanyaga kwa mkazo ili liitike zaidi. Likakatika. Kama arobaini walitumbukia mtoni. Kwa rehema ya Mungu maji yalikuwa machache na hakuna aliyekufa, ila wapo waliovunjika mikono na miguu.

Baada ya hapo jeshi la Uingereza likaweka amri: mkifika darajani acheni kwata, kila mtu aende kwa mguu wake. Nenda Albert Bridge, daraja jingine hapo hapo London lililofunguliwa mwaka 1873, utakuta bado pana kibao kinachowaamuru wanajeshi waache hatua za pamoja. Nalo lina jina lake la utani, Bibi Mtetemeko. Hawa watu wa London na majina!

Huko Angers, Ufaransa, ilikuwa vibaya zaidi. Aprili 1850, kikosi cha askari kilivuka daraja la kuning'inia siku ya dhoruba. Daraja lilikuwa linayumbishwa na upepo, nyaya zake zilikwisha kuliwa na kutu. Zaidi ya watu 200 walikufa. Na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Askari wale walikuwa wameamriwa wasitembee kwa kwata. Walitii. Lakini mtu akiwa juu ya sakafu inayoyumba, miguu yake inaanza kuufuata ule myumbo wenyewe, ili asianguke. Walijikuta wako pamoja bila kutaka.

Kwa hiyo hadithi ya kwata haitoshi. Siku ile ya Juni 2000 hapakuwa na kwata, palikuwa na familia zinatembea kila mtu kivyake. Walianzaje kwenda pamoja?

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo namrudisha yule mtoto wetu.

Mtoto anayeanza kutembea anapanua miguu kwa sababu hajui bado kujisawazisha. Akileta miguu karibu, anaanguka. Kwa hiyo kila hatua anajisukuma upande, tii, tii, kushoto na kulia, ndiyo maana anakwenda kama bata. Siyo ugonjwa, siyo nepi, wala siyo kwamba ulimbeba vibaya mgongoni kama bibi jirani anavyokuambia. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wazima wa nchi mbalimbali na kukuta wengi wanatembea wenyewe mahali popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Ni nafasi pana sana. Usimlinganishe wako na wa shoga yako. Ila akifika mwaka mmoja na nusu hajatembea, mlete kliniki tumwone.

Tunapokua, ule mwendo wa bata unafichika lakini hauishi. Wewe hapo ukitembea unapiga hatua kama mbili kwa sekunde, na kila mguu unapotua unasukuma ardhi kidogo upande wake. Kushoto, kulia, mzunguko mmoja kila sekunde. Barabarani hakuna kinachotokea, ardhi haikujali. Lakini Millennium Bridge, likisukumwa ubavuni, lilikuwa linapenda kuyumba kwa mwendo uleule, mara moja kwa sekunde hivi. Ni kama bembea. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa nguvu kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, anapaa.

Wahandisi waliufahamu mchezo wa bembea. Walichodhani ni kwamba watu 2,000 wasiofuatana watafutana nguvu: huyu anasukuma kushoto, yule kulia, inakuwa sifuri. Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka daraja lisogee kidogo kwa bahati. Likisogea tu, kila aliye juu yake anafanya kile anachofanya mtoto wa mwaka mmoja: anapanua miguu ajisawazishe. Akipanua miguu anasukuma zaidi upande. Na anaukanyaga ule myumbo kwa wakati wake, maana ndiyo njia rahisi ya kutoanguka. Daraja linazidi kuyumba. Watu wanazidi kupanua miguu. Unaona?

Hakuna aliyefanya kosa. Kila mama pale juu alikuwa anajaribu kutomwangusha mtoto wake, na kule kujaribu kwao ndiko kulikoliyumbisha daraja.

Walipofunga, Arup waliwarudisha watu juu ya daraja kwa vikundi vya majaribio, wakawatembeza na kupima. Waligundua jambo la kutisha kidogo: haliongezeki polepole. Ukiongeza watu mmoja mmoja, daraja limetulia tu, limetulia, limetulia, halafu ukifika idadi fulani, karibu 160 kwenye sehemu moja waliyoijaribu, ukiongeza wachache tu linaanza kuyumba. Aliyepita na watu 150 angekuapia kwamba daraja halina tatizo. Na angekuwa mkweli.

SEHEMU YA 5

Sasa nifike kwenye kilichonikera.

Baada ya uchunguzi ilionekana kwamba jambo hili lilikwisha kutokea kwingine. Mwaka 1975, Wamaori wa New Zealand waliandamana kudai ardhi yao wakavuka Auckland Harbour Bridge, daraja kubwa la magari, likayumba ubavuni chini ya miguu yao. Huko Japani, mtaalamu mmoja aliona daraja la waenda kwa miguu likifanya hivyohivyo, akapima, akaandika kwenye jarida la wahandisi mwaka 1993. Miaka 7 kabla ya London! Elimu ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa, imechapwa, imewekwa kabatini. Kwenye vitabu vya kanuni anavyofungua mhandisi anapobuni daraja, haikuwemo.

Mama, nilipolisoma hili nilikaa kimya. Maana sisi wa afya tunayo yetu, tena ni kubwa kuliko daraja.

Unajua tunavyokusisitiza umlaze mtoto mchanga chali, kwa mgongo? Miaka mingi wazazi wa Ulaya walishauriwa kumlaza kifudifudi, eti asipaliwe akicheua. Watoto walikuwa wanakufa ghafla usingizini. Baadaye watafiti walirudi kukusanya tafiti zote za zamani, wakakuta kwamba ukiziweka pamoja, kufikia mwaka 1970 zilikuwa zinatosha kuonyesha kwamba kulala kifudifudi ni hatari. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hesabu mwenyewe kati ya 1970 na 1991. Darajani hakufa mtu, aliyepata hasara alipata aibu na bili. Kwenye vitanda vile haikuwa hivyo.

Ndiyo maana nawapenda wale wahandisi, na mtanisamehe wanaowacheka. Wangeweza kujificha. Daraja lilikuwa la fahari, nchi nzima inawatazama, na kulitengeneza kuligharimu kama pauni milioni 5 nyingine. Wangeweza kulaumu umati, kusema watu walikuwa wanacheza, au kuweka nguzo nene kimyakimya na kuendelea. Badala yake walipima, wakaandika kila kitu wazi, hesabu na michoro, wakakitoa hadharani mwaka 2001 ili hata washindani wao wakitumie. Walisema pia kwamba kosa halikuwa la umbo lile la kipekee, kwamba daraja lolote lenye kuyumba kwa mwendo ule linaweza kufanya hivyo watu wakitosha. Tangu hapo mhandisi anayebuni daraja la waenda kwa miguu analihesabu jambo hilo mwanzoni.

Nalisema hili kwa sababu ya kitu ninachokiona mezani kwangu. Mama analeta mtoto, analia tu, hataki kunyonya. Namuuliza, ameanguka? Hapana nesi. Ameanguka kitandani? Hapana. Baba yuko pembeni, mama mkwe yuko pembeni. Nikiwatoa nje, ndipo mama ananong'ona: aligeuka nesi, niligeuka kuchukua nepi nikakuta yuko chini. Alikuwa hajawahi kugeuka! Bila shaka hajawahi. Jana walikuwa watu 150 darajani, leo ni 160.

Mimi sikuulizi ili nikuhukumu. Nakuuliza ili nijue nitazame wapi. Mtoto aliyeanguka akitapika, akilegea, akilala usingizi usio wake, akidegedeka au akivimba kichwani, kila dakika unayoficha inaniharibia kazi. Sema kilichotokea, vile vile kilivyotokea. Na nyie akina baba na mama wakwe mnaosoma hapa, swali lenu la kwanza lisiwe "ulikuwa wapi?" Mkiuliza hivyo mara moja, hamtaambiwa ukweli tena.

Haya, nimemaliza kufoka. Turudi mtoni.

SEHEMU YA 6

Dawa ya daraja ilikuwa rahisi kuielewa. Walifunga vitu kama shokapu za gari, 37, chini ya daraja na kwenye nguzo, vimeze msukumo wa ubavuni. Wakaongeza vizito 52 vinavyocheza juu ya springi, vya kutuliza mrukoruko wa juu na chini. Januari 2002 wakatembeza watu kama 2,000 kwa makusudi kulijaribu. Likatulia. Tarehe 22 Februari 2002 likafunguliwa tena. Ukiinama ukachungulia chini ya sakafu unaziona baadhi ya shokapu zile, na ndizo nilizozipiga picha kuliko hata kanisa. Shemeji yangu alinicheka.

Kama una ndugu huko, au umebahatika kwenda, haya ndiyo ya mama mwenye mtoto.

Nenda asubuhi mapema, kabla ya watalii. Upande wa kusini daraja linashuka kwa mteremko laini, kigari kinapita bila kunyanyuliwa. Simama huko huko kusini, chini kabisa, uelekeze kamera juu: daraja linakuwa mshale na kuba la St Paul's linakaa kwenye ncha yake. Ukisubiri jioni, taa zikiwaka na mbingu bado zina bluu, ni bora zaidi, ila mtoto atakuwa amechoka, chagua mwenyewe. Thames hapo unapwa na kujaa kama bahari yetu. Maji yakitoka, ufukwe wa mawe unaonekana chini na picha zinabadilika kabisa. Upepo juu ya mto ni mkali hata kiangazi. Kofia ya mtoto, tafadhali, na blanketi ulifunge, siyo uliweke tu.

Ukibahatika kufika wakati mafundi wanatengeneza kitu chini ya daraja, unaweza kuona furushi la majani makavu linaning'inia kwa kamba. Mwaka 2023 walilining'iniza. Ni sheria ya zamani ya mto: nafasi chini ya daraja ikipungua, weka majani makavu manahodha waone. Daraja la kompyuta na shokapu, na majani ya ng'ombe juu yake!

Halafu tazama chini unapotembea. Sakafu ni ya alumini yenye mifereji midogo, na watu wasio na adabu wametema bablish humo. Msanii Ben Wilson amekuwa akilala kifudifudi hapo na brashi ndogo, anachora picha juu ya bablish hizo kavu, moja moja, kila moja ndogo kama kifungo cha shati. Watu wazima wanapita bila kuziona, macho yako kwenye kuba.

Mtoto wetu aliziona. Nilimtoa kigarini katikati ya daraja, nikamshika mkono mmoja, mwingine ameuinua juu. Akapiga hatua tano, miguu imepanuka vile vile, akachuchumaa ghafla na kuweka kidole juu ya kitu chekundu. Ninayo picha hiyo. Kuba halimo, mto haumo, upo mgongo wake tu na viatu viwili vilivyoachana.

Picha nyingine nitaziweka kesho, chaji imeisha. Mwenye swali la kutembea kwa mtoto, taja umri wake kwa miezi, na utaje ameanza kusimama dede lini.